Mwimbaji wetu kahamia Mwanza: nimpe nani maiki?

Shikamoo mzee,

Naandika kutoka Kigoma mjini. Napiga gitaa la solo na ndiye kiongozi wa bendi yetu. Tuko saba tukimhesabu mwimbaji: solo, rizimu, besi, drams, tumba na tarumbeta, yeye wa saba. Mazoezi tunafanyia Mwanga, chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya baiskeli, Jumanne na Alhamisi baada ya magharibi. Tunapiga harusi na sendofu, na Jumamosi mbili kwa mwezi tuko kwenye baa moja huku ufukweni. Hatujatajirika, ila msimu wa harusi hatulali njaa. Mwaka huu nimejikaza nikanunua ampu mpya ya wati 100.

Shida imeanza mwezi uliopita. Mwimbaji wetu wa miaka tisa amehamia Mwanza baada ya mkewe kuhamishwa kikazi. Ameaga vizuri, hata deni la viatu vya jukwaani kalilipa. Wawili wameomba nafasi yake, nimewajaribu wote, na sasa bendi imegawanyika.

Wa kwanza ni kijana wa Gungu, miaka 24. Sikufichi mzee, ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto wangu. Huyu mtoto ana sauti! Akipanda juu, watu walioko nje wanaingia kuangalia ni nani. Nyimbo zote za redioni anazijua. Kasoro yake ni kwamba amekuja mazoezi mara sita, mara nne amechelewa, na maneno ya nyimbo zetu wenyewe anayasoma kwenye simu. Ninapopiga solo yeye anageukia pembeni kujibu meseji. Kwenye harusi moja alivuta noti moja kwa muda mrefu sana, watu wakapiga vigelegele, lakini mpiga drams akapotea na tukaingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kucheza, kila mtu kwa wakati wake. Wageni hawakugundua, nadhani.

Wa pili ni dada mmoja wa Ujiji, miaka 31, anauza mawese na dagaa sokoni. Alianzia kwenye kasida alipokuwa mdogo. Sauti yake ni ya kawaida, nzito kidogo. Ana watoto wawili na sijui usiku atawaacha na nani. Anavaa dera na mtandio, sijui wateja wa baa watamwonaje. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo watu hawatakosa la kusema wakimwona anarudi saa nane usiku na wanaume sita. Umri nao umeshasogea kwa mtu wa kukaa mbele. Tena nyimbo zetu hazimkai: akianza anakuwa chini mno hasikiki, akijaribu kupanda anakwama. Nisimnyime haki yake, anawahi mazoezi, na maneno ya nyimbo zote 14 aliyashika ndani ya wiki mbili. Na kwenye sendofu moja Mwandiga, umeme ulipokatika katikati ya wimbo, aliendelea kuimba huku anapiga makofi, ukumbi mzima ukawa unaitikia mpaka jenereta ikawashwa. Lakini hiyo ni bahati tu, umeme haukatiki kila siku.

Mpiga drams na mpiga tumba wanamtaka kijana. Mpiga besi na wa tarumbeta wanamtaka dada. Wa rizimu anasema yupo popote. Nyumbani mama mkwe ameshaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe ni mwimbaji wa bendi. Mzee, mwimbaji mzuri wa kukaa mbele anatakiwa awe na nini hasa? Ni sauti, ni sura, ni ujana, au ni nini?

Mpiga solo, Kigoma


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Sauti ya huyo dada umeipa sentensi moja. Watoto wake, mtandio wake, ujane wake na umri wake umevipa nne. Kwa kijana, sauti imeshangiliwa mpaka ukatia alama ya mshangao, na hukujiuliza kama ana mke, anavaa nini, wala anarudi kwao saa ngapi. Tutarudi hapo. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Mimi sikuwahi kuwa mwimbaji wa mbele. Niliitikia kwenye bendi moja ya Tabora kwa miaka 11, nimesimama nyuma ya bega la kushoto la mwenye maiki, kwa hiyo waimbaji viongozi nimewajua kwa mgongo kuliko kwa uso. Tabora ni mji uliotoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, waimbaji walikuwa wanapishana kama treni pale stesheni, na sisi waitikiaji tulikuwa na mzaha wetu kwamba watazamaji wanadanganywa na uso, mgongo haujui kudanganya.

Nikupe migongo miwili. Wa kwanza alikuwa na sauti ambayo mpaka leo sijaisikia nyingine mfano wake. Akiimba, mabega yake yanakaa palepale, shingo imekaza, anaangalia juu ya vichwa vya watu. Hatukujua kamwe anaingia lini wala anatoka lini. Kuna usiku anarudia ubeti mara tatu, kuna usiku anauruka. Sisi watatu wa kiitikio tulikuwa kama abiria waliosimama kwenye daladala, kila breki tunaangukiana. Wa pili sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kidogo, na akizidisha kazi wiki hiyo, noti za juu zinamkimbia. Lakini kabla ya kiitikio alikuwa anashusha bega la kushoto kidogo tu, kama mtu anayeweka mzigo chini. Tukiliona bega, tunavuta pumzi. Wote wanne tunaingia kwa pumzi moja. Mpiga solo akianza, alikuwa anapiga hatua moja pembeni, anageuka na kumtazama vidole, na ukumbi mzima nao unageuka kutazama vidole. Kisha solo inaisha naye ameshafika kwenye maiki. Bendi ilikuwa ileile, vyombo ni vilevile. Chini ya yule wa kwanza tulikuwa wapigaji wa wastani. Chini ya huyu wa pili watu walianza kuuliza majina yetu.

Basi mwanangu, ukitaka nikujibu kwa neno moja, ni masikio. Mwimbaji wa mbele ni yule anayeisikia bendi na kuwasikia waliokuja. Sauti inamfungulia mlango, lakini kazi yenyewe iko ndani ya nyumba.

Usinielewe vibaya kwamba sauti haina maana. Asiyeshika ufunguo, yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo umewekwa, hafai hata awe na tabia za malaika, na anayemeza maneno pia hafai, hasa kwenye muziki wetu wa dansi. Sisi hatuendi kusikiliza koo peke yake. Tunaenda kusikiliza kisa, nani kaachwa, nani kadhulumiwa, nani kasahau kwao. Nusu ya kwanza ya wimbo ni hadithi, ndipo chemko lije watu wamalizie kwa miguu. Maneno yasiposikika kwenye ile nusu ya kwanza, wanaokuja kwenye chemko wanacheza tu kwa sababu wameona wenzao wanacheza. Mwanamuziki marehemu Remmy Ongala alikuja Dar es Salaam kutoka Kongo mwaka 1978, na kitu kilichowaganda watu kwake kilikuwa yale aliyokuwa anayasema na namna alivyokuwa anazungumza nao. Kwenye bendi ya Mlimani Park, Muhidin Gurumo hakuhitaji kupanda juu kama mwenzake Hassan Bitchuka, na wala Bitchuka hakuhitaji ule uzito wa Gurumo. Kila mmoja alikaa mahali pake, ukasikia kila neno.

Sasa tuje kwenye hili la "nyimbo zetu hazimkai". Hapo mwanangu nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kulikoni. Nyimbo zenu ziliwekwa kwenye ufunguo wa koo la mtu aliyehamia Mwanza! Mlizishona kwa kipimo chake kwa miaka tisa, sasa mnamvalisha mwanamke suruali ile ile halafu mnasema mwili wake una kasoro. Mwenyewe umeeleza ugonjwa bila kujua ni ugonjwa gani. Akiimba pale pale alipokuwa anaimba mwanaume, ni chini mno kwake, maneno yanazama. Akiruka oktava nzima kwenda juu, anagonga dari. Anakotakiwa kukaa ni katikati ya hapo, na hapo katikati hamjawahi kumpeleka.

Dawa yake ni saa moja ya kazi. Jumanne ijayo, kabla wengine hawajafika, kaa naye na gitaa peke yake, bila ampu. Muombe aimbe kitu chochote anachokipenda, hata kasida ya utotoni, bila kuongozwa na chombo. Tafuta kwenye nyuzi alipoanzia, iandike. Mwambie ashuke mpaka sauti iwe pumzi tu, apande mpaka ikaze, andika noti zote mbili. Kisha chukua kila wimbo wenu, tafuta noti yake ya juu kabisa, na uipange iwe nusu-sauti mbili, yaani vipande viwili vya gitaa, chini ya pale ulipomwona anakaza. Hizo mbili ni akiba. Harusi inaanza saa mbili usiku, ikifika saa saba koo la mwimbaji yeyote limeshapoteza ghorofa ya juu. Mara nyingi utajikuta wimbo uliokuwa G kwa mwanaume unahamia C au D kwa mwanamke. Kwako mpiga gitaa ni kubadilisha vidole tu.

Ila mfikirie na wa tarumbeta. Tarumbeta ya kawaida ni ya B bemoli, noti zake zinaandikwa sauti nzima juu ya zenu: ninyi mkipiga C, yeye anasoma D, na mkipiga E kwa sababu gitaa linaipenda, yeye anaangukia kwenye F diezi, ufunguo mgumu kwake, na atakuchukia mpaka Pasaka. Wimbo ukiangukia kwenye E, jaribu F. Yeye atakuwa kwenye G na atatabasamu, wewe utafunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye kipande cha kwanza upige kana kwamba ni E. Ndoa nyingi za bendi zinavunjika kwa mambo kama haya, halafu watu wanasema ni wivu.

Fanya hivyo hivyo kwa kijana. Usidhani anayepanda juu hahitaji kipimo. Umemsikia akipanda saa mbili usiku, na Mwanga siku ya mazoezi. Je, saa saba usiku, wimbo wa 30, moshi wa nyama choma unamwingia puani? Vijana wenye sauti za juu wana tabia ya kutumia mtaji wote kabla ya keki kukatwa.

Halafu kuna hiyo ampu. Wati 100 kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya baiskeli, katikati ya rimu na tairi! Unaniambia dada hasikiki akiimba chini. Mwanangu, hapo hata simba hasikiki. Mpiga solo ukijipandisha, wa rizimu anajipandisha akufikie, besi anafuata, drams anapiga kwa hasira, na mwenye koo peke yake hana kitasa cha kuongeza. Anachobaki nacho ni kupiga kelele. Akipiga kelele wiki tatu mfululizo sauti inakauka, na sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu bila mafua ni ya kupeleka hospitali, isitibiwe kwa tangawizi. Jumanne ishushe mpaka umsikie anayeimba akiwa hana maiki. Mkiweza kupiga hivyo, kwenye ukumbi mtapiga vizuri mara mbili.

Na wafundishe wote wawili kushika maiki. Kama ni ile SM58 ya Shure iliyojaa kumbi zetu tangu enzi hizo, au yoyote ya namna yake, inasikia zaidi mbele na inaziba sikio nyuma. Ndiyo maana spika ya kujisikilizia inawekwa chini, mbele ya mwimbaji, ikitazama mgongo wa maiki. Vijana wanapenda kukifumbata kile kichwa cha wavu kwa kiganja kama wasanii wa video. Wakifumba, maiki inaanza kusikia pande zote, spika inapiga mluzi, wazee mezani wanaziba masikio. Kisha fundi mitambo analaumiwa.

Tuje Mwandiga. Umeniandikia jambo kubwa kuliko yote kwenye barua yako halafu ukalifunika kwa neno "bahati". Umeme ulikatika. Gitaa lako likafa. Besi ikafa. Maiki ikafa. Mtu wa kawaida hapo anashusha mikono, anageuka nyuma kutafuta fundi, na watu wanatoa simu kumulika viatu vyao. Yeye akaona kwamba drams na tumba haziendeshwi na umeme, wala mikono ya watu haiendeshwi na umeme, akawapa watu kazi. Hilo hafundishwi mtu kwa wiki mbili. Huenda kasida ndiyo iliyomfundisha, maana kule hakuna mashine ya kujificha nyuma yake, kuna sauti, dufu pengine, na wenzako wa kuitikia. Unasema umeme haukatiki kila siku. Kweli. Lakini kila harusi ina kukatika kwake. Bwana harusi anachelewa dakika 40, mshereheshaji anasahau ratiba, mjomba mlevi anapanda jukwaani anataka maiki, waya wa gitaa unaachia. Wakati huo wote ninyi sita mnaangalia vyombo vyenu. Anayeangalia watu ni mmoja.

Sasa linganisha na ile noti ndefu ya shemeji. Vigelegele vilipigwa, nakubali, na mimi ningepiga. Lakini mpiga drams alipotea. Unasema wageni hawakugundua, unadhani. Waligundua, mwanangu. Hawakujua wanagundua nini, walirudi tu kwenye viti vyao mapema kidogo kuliko kawaida. Noti ndefu si dhambi. Dhambi ni kuivuta bila kumpa mtu wa drams hata jicho. Angenyanyua mkono, akaushusha wakati wa kuachia, chemko lingeingia kama radi na bendi ingeonekana imelipanga hilo wiki nzima. Hili linafundishika. Kijana hana ubaya, ila hajaambiwa. Umemwambia? Kwenye barua sijaona mahali ulipomwambia lolote, si kuhusu simu, si kuhusu kuchelewa. Unamwogopa mama yake.

Nilisema nitarudi kwenye zile sentensi nne. Mtandio haujawahi kuziba koo la mtu. Kuhusu baa, muulize mwenyewe kama anataka kupiga baa. Pengine atakwambia atafanya harusi na sendofu tu, na Jumamosi za baa ashike kijana, ukawa umetatua jambo lililokukosesha usingizi kwa swali moja. Watoto vilevile. Mtu anayewahi mazoezi baada ya siku nzima ya sokoni, tena kwa usafiri wa kutoka Ujiji, ameshapanga nani anabaki na watoto. Nyinyi wanaume sita mna watoto wangapi, na nani aliwahi kuwauliza? Kuhusu kurudi saa nane usiku, hapo una jambo la maana, lakini ni jambo lako wewe kiongozi. Tenga nauli ya bajaji au bodaboda ya mtu mnayemfahamu, ashushwe mlangoni kabla hamjaanza kugawana hela, iwe gharama ya bendi kama nyuzi za gitaa. Watu wataongea wiki tatu, kisha watampigia simu kuuliza kama Jumamosi ya tarehe fulani ana nafasi.

Na usijifanye unaanza jambo jipya. Kida Waziri aliimba Vijana Jazz pamoja na Hemedi Maneti, na watu wa rika langu bado wanaimba sehemu zake kuliko za Maneti, Mungu amrehemu. Luiza Mbutu ameongoza jukwaa la Twanga Pepeta kwa miaka mingi mbele ya safu ya wanaume na wanenguaji, na sijasikia bendi imeanguka kwa sababu hiyo. Ninyi watu wa Kigoma, ambao mnaamka mnaitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, mlimcheza Mbilia Bel, mwimbaji mwanamke wa huko Kongo, miaka ya themanini mpaka kanda zikakatika. Leo miaka 31 imekuwa uzee?

Kwa hiyo ningekuwa wewe, dada wa Ujiji angekaa mbele. Lakini kijana nisingemwacha aende, na si kwa ajili ya mama mkwe. Umekuwa na mwimbaji mmoja kwa miaka tisa, akahama kwa sababu ya kazi ya mkewe, na bendi nzima ikalala. Hilo ndilo kosa lililokufikisha kwenye kuniandikia. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka wakaondoka kwenda bendi ya Safari Sound. Hebu fikiria, wote wawili. Bendi nyingine ingefunga mlango. Sikinde, ndiyo hiyo hiyo Mlimani Park, iliendelea kwa sababu haikuwa imejengwa juu ya koo moja. Palikuwa na sauti nyingine zilizokuwa zimekaa pale zinaitikia na kuongoza kwa zamu, zikasogea mbele. Msondo nao, tangu walipokuwa NUTA Jazz mwaka 1964, wamezika na kuagana na waimbaji wangapi?

Mpe kijana kazi ya kuitikia, sauti ya juu juu ya uzito wa dada. Huo ni mchanganyiko ambao bendi zinautafuta kwa tochi. Mpe na nyimbo tatu zake za kuongoza, zile za redioni anazozijua, mziweke baada ya chakula watu wanapotaka kuruka. Atajifunza kuitikia, na mtu aliyejifunza kuitikia akija kuongoza anajua wenzake wanahitaji nini. Shem Karenga, mtoto wenu wa Kigoma aliyeng'ara na Tabora Jazz, alikuwa anaimba na gitaa anapiga. Aliijua bendi kutoka zaidi ya upande mmoja, na ilisikika.

Masharti yawe ya wote, yaandikwe, yasomwe mazoezini mbele ya kila mtu: anayechelewa anakatwa kiasi fulani kwenye mgao, simu zinawekwa kwenye boksi, maneno ya nyimbo yanashikwa kichwani ndani ya mwezi. Wewe kiongozi ukatwe wa kwanza ukichelewa. Na kabla wimbo mpya haujatoka hapo chumbani, andikeni nani katunga maneno na nani katunga sauti, maana tangu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa kazi hiyo, na mwimbaji aliyehama na nyimbo ni kesi nyingine kabisa. Sitaki uniandikie tena kwa hilo.

Mpiga drams na tumba wape nafasi ya kusema. Wanamtaka kijana kwa sababu anawasha, na hawajakosea. Lakini wacheze wiki tatu na dada akiwa kwenye ufunguo wake, ampu ikiwa chini, ndipo uwaulize tena. Huyo wa rizimu anayesema yupo popote, usimuulize.

Kuhusu shemeji, usimpigie simu wala usimtume mkeo. Nenda Gungu mwenyewe, jioni, mkae nje. Mwambie anaingia kwenye bendi, mwambie ataanzia wapi, mwambie ile noti ndefu ilikuwa nzuri na ilimpoteza nani. Akikasirika mwache akasirike, arudi Alhamisi. Asiporudi Alhamisi utakuwa umepata jibu ambalo hata mimi nisingeweza kukupa. Kisha pitia kwa mama mkwe kabla habari hazijamfikia kwa njia ya majirani, na usiende mikono mitupu. Migebuka mitatu ya kuchoma inatosha. Mwambie mwanawe ni mwimbaji wa bendi. Si uongo.